Programu ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu, kabla hajawa baba mkwe wangu, alitaka kuingiza programu yake ndani ya kiini cha kompyuta niliyokuwa nikiilinda, na kompyuta ikamkatalia. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nasimulia mapenzi. Mapenzi yamo, lakini yalikuwa Taveta, yakiogopa kushika simu.

Ilikuwa Voi, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa fundi wa ofisi ya mawasiliano, jina kubwa la chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Chumba hicho kilikuwa stoo ya saruji, na saruji haikuwahi kukubali kwamba imehamishwa. Ukipangusa kompyuta asubuhi, mchana ungeweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Tajiri wangu, mwenye duka, alikuwa mzee wa ukoo wa pwani, mpole, mwenye kofia nyeupe safi kupita kiasi kwa mtu anayeuza misumari. Aliamini siku inakuja ambapo barua hazitapanda treni tena, akaniajiri kabla hajajua kazi yangu ni nini. Sina hakika kama aliwahi kuijua.

Tulikuwa na kompyuta kuu moja na nyingine chache za kuchapia, zote zimeunganishwa kwa waya. Ile kuu iliendesha mfumo wa bure uliotoka kwenye diski ya sidii aliyotuachia mhadhiri mmoja mpita njia. Mara kadhaa kwa siku ilipiga simu Mombasa, ikapeleka barua za watu na kuleta zilizoingia. Wauza ndizi na vitunguu wa Taveta waliitegemea, zahanati moja ya mlimani iliagizia dawa kupitia kwayo, na mama mmoja wa Miasenyi alikuja kila wiki kuuliza kama mwanawe aliyeko ng'ambo ameandika. Kwa kawaida alikuwa hajaandika. Nilimchukia kijana yule bila kumjua.

Tatizo letu lilikuwa kelele. Kompyuta za kuchapia zilipiga makelele kwenye waya mchana kutwa: mimi niko hapa, wewe uko wapi, printa iko wapi. Kila kelele iliyofika kwenye kompyuta kuu, kiini kiliinakili na kuipeleka nje kwa programu yangu ya kusikiliza, nayo iitazame kisha iitupe. Mashine ilichoka kwa kubeba takataka, na barua za watu zikachelewa.

Kiini ni ile sehemu ya mfumo inayoshika kila kitu: kumbukumbu, diski, waya, hata saa. Programu za kawaida hukaa nje yake, kama mgeni anavyokaa sebuleni. Mgeni akianguka sebuleni, utamwinua na maisha yataendelea. Lakini jikoni kuna moto na sufuria ya mafuta, na akianguka huko mnaweza kupoteza nyumba. Sasa mgeni huyo akijitolea kukuchambulia mchele, na wewe ukawa unampelekea punje moja moja sebuleni, mtalala njaa. Afadhali aingie jikoni achambue huko huko, ila umkague kwanza.

Mfumo wetu ulikuwa na njia ya hivyo hasa. Mwenye ruhusa angeweza kuandika programu ndogo ya kuchuja na kukikabidhi kiini, ikaendeshwa humo humo ndani. Kabla ya kuipokea, kiini kiliisoma agizo kwa agizo. Je, kila agizo linajulikana? Inagusa tu sehemu yake ya kumbukumbu? Mwisho wake inatoa jibu, kwamba hiki kipite au kitupwe? Na je, inakwenda mbele tu? Iliruhusiwa kuruka maagizo kwenda mbele, lakini si kurudi nyuma, kwa sababu kinachokwenda mbele tu hakina budi kufika mwisho, na kinachoweza kurudi nyuma hakuna ajuaye kitamaliza lini. Programu ikishindwa swali moja, inarudishwa. Haiulizwi ni ya nani. Niliupenda ukaguzi ule kuliko nilivyowapenda watu wengi wa Voi.

Mzee mwenyewe, baba wa mchumba wangu, alikuwa msimamizi wa stesheni mstaafu, Mkamba aliyeletwa Voi na reli akasahau kurudi kwao. Alipostaafu hakufuga kuku kama wenzake. Alijifunza kuandika programu kwa njia ya posta, na kwa kuwa hakuwa na kompyuta, aliziandika kwa penseli na kuziendesha kichwani, akitembea huku na huku kwenye veranda yake. Huko kichwani zilikwenda vizuri ajabu. Haikuwahi kukwama hata moja.

Siku moja tajiri wangu alimlalamikia juu ya zile kelele, wakinywa kahawa. Mzee akasema jambo hilo ni dogo, atatuandikia kichujio. Akaja nacho kwenye karatasi iliyokunjwa vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema atapita kuona kinavyofanya kazi. Jumamosi ya wiki iliyofuata alikuwa aje nyumbani kwetu, kilimani Sagalla, na watu wake kutoa posa. Kwa hiyo niliipokea karatasi kwa goti, nikijichekea kidogo moyoni.

Alikuwa ameandika kama mtu wa reli. Ujumbe kwenye waya huja kwa vipande vinavyofuatana, na kila kipande hutaja urefu wake ili anayesoma ajue kinachofuata kinaanzia wapi. Kwa mzee hiyo ilikuwa treni na mabehewa yake. Programu ilisimama kwenye behewa la kwanza, ikalitazama. Kama silo inalolitaka, ikasogea mbele kwa urefu wa behewa hilo, ikarudi mwanzo wa maagizo na kutazama tena. Na kwa kuwa maelekezo ya mfumo yalisema maagizo huruka mbele tu, mzee alitia idadi ya kuruka iliyokuwa kubwa mno hata hesabu ikajizungusha na kumrudisha alikoanza. Ulikuwa ujanja wa kupendeza. Nasema hivi bila kejeli, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Niliichapa, nikaikabidhi kwa kiini. Kiini kikaisoma na kujibu, kwa Kiingereza kikavu, kwamba nilicholeta si halali.

Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni. Msichana anayeposwa hamwambii baba wa mchumba wake hapana usoni. Hata kumtazama sana ni utovu wa adabu. Mambo mazito yote hupitia kwa mshenga mpaka posa ikubaliwe. Na mimi nilimtaka yule mwanamume. Nilimtaka pamoja na viatu vyake vyenye tope la mifereji ya Taveta, alikokuwa akiwafundisha wakulima kumwagilia migomba. Kumkosa kwa sababu ya maagizo machache ya penseli kungeniua kwa aibu kabla ya kuniua kwa huzuni.

Ushauri nilipewa bila kuomba. Tajiri wangu alisema, "Mwanangu, huyo ni mkweo mtarajiwa. Hebu uambie mtambo wako umstahi kidogo." Alikuwa na hoja kuliko alivyojua, kwa sababu maandishi yote ya mfumo ule yalikuwa humo kwenye sidii. Ningeweza kuufuta ukaguzi, nikakijenga kiini upya bila huo, na programu ya mzee ingeingia bila kuulizwa lolote. Mama yangu naye, nilipomweleza, aliacha kuchambua mboga akaniuliza, "Kompyuta ndiyo itakuoa?" Nikampigia mchumba wangu kwenye simu ya ofisi yao.

"Wewe si unamjua Baba," akasema. "Mwambie ndiyo, halafu tutaona."

"Tutaona nini?"

"Tutaona tu."

Nilikata simu kabla sijasema lililokuwa mdomoni. Ningeufuta ukaguzi leo kwa ajili ya mkwe, kesho angekuja mchungaji na programu yake, keshokutwa binamu ya tajiri. Mlangoni pasingebaki kitu. Nikaamua kufuata njia ya adabu, nikamwita mshenga.

Mshenga wetu alikuwa shangazi yake mchumba wangu, dada mdogo wa mzee, aliyeleta ndizi kutoka Taveta na kuziuza Voi. Alikuwa na sauti ya kuuza na moyo wa kuombea watu. Nikamweleza polepole: programu ya mzee imekataliwa, inarudi nyuma, ikikutana na ujumbe mbaya itazunguka bila mwisho. Akatikisa kichwa kwa huruma yote iliyohitajika. "Nimeelewa, mama," akasema. "Niachie mimi."

Nikamwachia yeye. Kwa siku mbili tatu nililala usingizi mzuri.

Kisha mchana mmoja mzee akaingia, na hakuwa peke yake. Alikuja na wastaafu wenzake wa reli, wamevaa makoti katika joto lile la Voi, wakajipanga kwenye viti kama wanaosubiri ibada ianze. Tajiri akaagiza kahawa na kaimati. Shangazi alisimama mlangoni, akikwepa macho yangu. Nikamvuta kando.

"Shangazi, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mmeipokea kwa mikono miwili, mnaomba tu muda kidogo."

"Si nilikuambia umwambie imekataliwa!"

"Mama, hapana huwezi kumpelekea mtu ikiwa uchi. Lazima uivishe."

Alikuwa ameivisha mpaka haijulikani. Hivyo ndivyo washenga wetu wanavyofanya kazi, na katika mambo ya ndoa inasaidia sana. Ukiambiwa na mshenga kwamba watu wanaomba muda, kila mwenye akili anajua maana yake ni hapana. Lakini mzee hakufikiri kwamba hili nalo ni jambo la mshenga. Kwake lilikuwa jambo la ufundi, na katika ufundi mtu akiomba muda, anaomba muda. Akawaalika wenzake waje waone.

Nikaketi mbele ya kompyuta kuu, wazee wote nyuma ya shingo yangu, nikaiingiza programu. Jibu likatokea lile lile. Mzee akavaa miwani akalisoma.

"Nani amekataa?"

"Kiini, Mzee."

"Si wewe?"

"Si mimi."

"Basi kiambie ni mimi nimeandika."

"Hakijui watu, Mzee. Kinasoma tu kilichoandikwa."

"Ondoa hiyo kitu ya kusoma, basi. Si wewe ndio fundi hapa?"

Karibu na dirisha kulikuwa na kompyuta kuukuu tusiyoitumia kwa lolote la maana. Wiki ile nilikuwa nimekijenga humo kiini kisicho na ukaguzi, kwa hasira zaidi kuliko kwa hekima, nijionee kwa macho ninachokitetea. Nilikuwa bado sijakijaribu. Nikasema, "Tujaribu kwenye hii, Mzee." Nikaiingiza programu yake, ikapokewa bila neno. Mzee akajiweka sawa koti.

Nikatuma barua ya majaribio kutoka kompyuta kuu. Programu ikaikagua, ikaipitisha. Nikatuma nyingine, ikapita. Nikatuma takataka, ikatupwa. Wazee wakapiga makofi, mmoja akamgonga mzee mgongoni. Ilikwenda haraka na safi, na kwa muda nikashuku kwamba mimi na kiini changu tulikuwa wapumbavu wawili wenye kiburi. Nilifurahi, kusema kweli. Nilianza hata kufikiria kitambaa cha gauni.

Tajiri wangu naye alifurahi, akataka kuchangia. Akanyoosha mkono akawasha kompyuta moja ya kuchapia. Nayo, kama kawaida yake ikiamka, ikapiga kelele kwenye waya, na katika kelele ile kulikuwamo kipande kimoja kitupu, kilichotaja urefu wake kuwa sifuri.

Ile kompyuta ya dirishani ikasimama. Saa iliyokuwa pembeni mwa kioo chake ikaacha kuhesabu. Mzee akabonyeza kitufe, hamna kitu. Akabonyeza kingine.

"Inafikiria," akawaambia wenzake.

Tukasubiri. Wazee wakala kaimati. Mmoja akauliza kama kwa kawaida huchukua muda, mzee akasema jambo zito halifanywi haraka. Mafeni yalizunguka, kahawa ikapoa. Nilijaribu kunyamaza, Mungu ananiona, lakini sikuzaliwa na kipaji hicho.

"Haifikirii, Mzee. Imekufa."

"Imekufa aje?"

"Imekutana na kipande kisicho na urefu. Inasogea mbele hatua sifuri, inarudi mwanzo, inakuta behewa ni lile lile. Inasogea tena sifuri. Itafanya hivyo mpaka umeme ukatike, na kwa sababu iko ndani ya kiini hakuna wa kuisimamisha."

"Behewa gani halina urefu?" Alipaza sauti kweli. Alikuwa amepokea na kuaga treni maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumletea behewa la namna hiyo. "Niambie, msichana. Behewa gani?"

"Labda lile la nyongeza yetu ya mshahara," mstaafu mmoja akasema, na wenzake wakacheka mpaka makombo yakawatoka. Mzee hakucheka.

Nami nikaendelea, maana nilikuwa nimeshaharibu. "Na kama ningekuwekea kwenye ile kuu, saa hii barua za Taveta zingekuwa zimeganda, na za zahanati, zote, kwa sababu tu nilikuonea haya."

Akavua miwani polepole. "Kwa hivyo ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Nilimtuma mshenga."

Wote wakamgeukia shangazi, aliyekuwa amegundua jambo la kutazama kwenye mabati. Mzee akainuka, akachukua kofia yake, akatoka bila kugusa kahawa. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, wakiniaga kwa sauti za matangani. Tajiri akabaki amesimama na sahani. "Mwanangu," akasema, "mimi nilitaka kusaidia tu." Nikamwambia amesaidia. Kisha nikaenda nyuma ya stoo nikalia, na saruji ikanigandia mashavuni.

Hakuna aliyetuletea habari kwamba posa imeahirishwa, na hakuna aliyetuambia ipo. Shangazi hakutokea sokoni. Mama aliendelea kutafuta maji ya kupikia wageni, na maji kule Sagalla hayakuwa ya kutafutwa ovyo, na kila nilipojaribu kumwambia kwamba huenda hawaji, alinipa mtungi mwingine. Ijumaa mchumba wangu akapita kwa tajiri akiwa na mkungu wa ndizi begani.

"Baba anakuja?" nikamuuliza.

"Sikumuuliza."

"Umetoka Taveta mpaka hapa, umelala nyumba moja naye, hukumuuliza?"

"Alikuwa kimya. Nikaona nisimsumbue."

Nilimpenda na nikatamani kumpiga kwa ule mkungu, vyote kwa wakati mmoja.

Jumamosi walikuja. Walipanda kilima kwa miguu, mzee mbele katika koti lake, mchumba wangu nyuma yake, shangazi akihema na kanga mpya. Waliketi upande mmoja, watu wetu upande wa pili, nami nikaitwa kutoka jikoni nikae karibu na mama kama inavyotakiwa, macho chini. Mzee hakunisalimu peke yangu. Aliwasalimu wote kwa jumla, nikajua nimo kwenye hesabu hiyo, basi.

Shangazi akaanza. Alikuwa mzuri sana siku ile. Alimsifu baba yangu, akakisifu kilima, akausifu hata upepo wetu ambao hakuna anayeupenda. Alipofika kwenye kumsifu bwana harusi, mzee akanyanyua mkono.

"Dada yangu, pumzika kidogo."

Watu wakaangaliana. Baba yangu akakohoa. Mzee alisimama akanigeukia moja kwa moja, jambo ambalo halifanywi, na mama akanibana mkono kunikumbusha nisiinue uso.

"Msichana," akasema. "Ile yangu uliiangalia, ukaona makosa, ukanyamaza mpaka nikaita watu. Sasa leo nimekuletea mtoto wangu. Huyu nimemtengeneza mimi pia. Kama ana makosa, usinitumie mtu. Niambie wewe, hapa, nikisikia."

Nilimtazama mchumba wangu. Alikuwa akitazama viatu vyake, amevisafisha siku ile, maskini. Ningeweza kusema hana kosa na watu wakapiga vigelegele, mama alikuwa tayari amejaza pumzi. Nikainua uso.

"Anakuogopa, Mzee," nikasema. "Chochote utakachosema atasema ndiyo, hata moyo wake ukikataa. Nikiolewa naye, wa kukuambia hapana nitakuwa mimi peke yangu."

Mama aliniachia mkono. Mchumba wangu akainua kichwa, macho mekundu, lakini hakubisha. Mzee alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, bila hasira yoyote, kisha akavua kofia akaishika kifuani.

"Najua," akaniambia. "Ndiyo maana nimekuja kukuomba."